Amka, Benny

Mimi ndiye katibu wa klabu ya wapenzi wa Namba Sita, na muhtasari wa kikao cha Machi niliuandika kwa mkono wangu. Mistari minne: waliohudhuria, ajenda, kura, kufunga. Hauna uongo hata mmoja, na bado kila nikiusoma natamani kuuchana. Basi naandika upya hapa, kwa yeyote atakayetaka kujua kwa nini Benny hayupo tena kwenye kona yake, na nani aliyemtoa. Ni mimi.

Namba Sita ni treni ya gizani kwenye bustani ya burudani ya Kessler, hapa Pennsylvania, upande wetu huu uliokuwa na makaa ya mawe. Unaketi kwenye kigari cha mbao, unaingia kwenye mlima wa plasta, unampita punda anayekohoa, unampita ndege wa njano kwenye tundu lake, halafu kona ya tatu unamkuta Benny. Ni sanamu ya mchimbaji kijana aliyesinzia, mgongo ukutani, kidevu kifuani, bati la chakula magotini. Juu ya bati pamekwaruzwa kwa msumari: BENNY M. Ukishampita tu, dari linaporomoka kwa kishindo, na hata mtu mzima hushika mkono wa jirani.

Mwaka 1979 nilikuwa na miaka kumi na mmoja, tumeletwa na shule. Nilipomwona amelala na dari linakaribia kuanguka, nilisahau kwamba ni sanamu, nikapiga ukelele: "Amka, Benny!" Darasa zima likacheka, vigari vya nyuma vikadakia. Kiangazi kilichofuata watoto nisiowajua walikuwa wanapiga ukelele huohuo palepale. Klabu ilipoanzishwa, ikawa ndiyo salamu yetu. Imechapwa kwenye fulana, na najua keki mbili za harusi zilizoandikwa hivyo. Mimi ni Marlene Hruska wa duka la dawa, mume aliniacha, mtoto sina. Ukelele ule ndio kitu pekee nilichowahi kuwapa watu wakakipenda, na nilijivunia kuliko ninavyopaswa kusema.

Mwaka huu kampuni mpya ilinunua bustani, ikatangaza kwamba Namba Sita itageuzwa kuwa mgodi wa peremende wa familia ya dubu. Tulilia, tukatukana, tukakusanya sahihi elfu kumi na moja. Mwishowe kampuni ikamtuma mama mmoja, Corinne Ashby, akatuambia waziwazi kwamba dubu wanakuja, hilo limekwisha. Kilichobaki wazi kilikuwa kimoja tu. Benny anaweza kubakia kwenye kona yake, na bati lake na kishindo chake, kama kumbukumbu, au aondolewe. Wenyeji wapige kura, kampuni itafuata.

Tulikutana Jumapili saa nane mchana katika ukumbi wa zimamoto. Kina mama wa zimamoto walikuwa wamepika kabichi na tambi, na watu zaidi ya mia walikaa na sahani mapajani. Mwenyekiti wetu, Darryl Fetterolf, fundi bomba mwenye chale ya sura ya Benny mkononi, alikuwa ameshaanza kupandisha hasira kabla hata hajafungua kikao.

"Dubu!" alisema. "Jamani, dubu! Mgodini! Wanachimba nini, asali?"

"Afadhali dubu kuliko panya," akajibu mzee Gus Pecuch, aliyeendesha Namba Sita miaka thelathini. "Mimi nimefagia humo ndani. Nyie mnapiga picha tu."

"We mzee nyamaza. Zamu zako ulikuwa unalala kuliko Benny."

"Na Benny hakuwahi kunisemea kwa bosi. Ndiyo maana nasema abaki!"

Watu wakaangua kicheko. Hata Corinne Ashby alicheka, kalamu mkononi. Nakumbuka niliangalia safu ya nyuma nikamwona yule mama mzee tuliyemzoea kumwita Bibi wa Kigari cha Mwisho. Kila Agosti alikuja peke yake na fimbo yake, akasubiri siku tuliyokuwepo sisi wa klabu, na akakataa kigari chochote ila cha mwisho nyuma yetu. Tulidhani ni mpenzi wa Namba Sita kama sisi. Nilimpungia mkono, hakuona, macho yake yalikuwa na ukungu.

Hapo ndipo Rhonda Stefko, mkutubi mstaafu, aliposimama na karatasi.

"Nimemtafuta Benny," alisema. "Nimempata."

Rhonda alisoma polepole. Mwaka 1957 maji yalipasua ukuta wa mgodi wa Tresko, maili nne kutoka hapa, wakafa watu sita. Wa mwisho kwenye orodha alikuwa Benedict Matukonis, miaka kumi na tisa. Hakuna maiti hata moja iliyotolewa. Kampuni ya makaa iliziba mdomo wa shimo kwa zege. Siku ile Benny alisahau bati lake kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Vitu vya mgodi vilipopigwa mnada, mzee Kessler alinunua taa, viatu na mabati, na aliyetengeneza sanamu akaona bati lina jina, akaliweka magotini.

"Kwa hiyo miaka yote hii tunamcheka marehemu?" mtu aliuliza.

"Hatumcheki, tunampenda!" Darryl alikuwa amekunja ngumi. "Na kama ni marehemu wa kweli, ndiyo kabisa abaki! Kaburi lenyewe hana!"

"Ungependa ndugu yako ndiye awekwe katikati ya dubu wa peremende, watu wanakula popkoni?"

"Ningependa awekwe mahali watu wanamjua jina!"

Walibishana hivyo kwa muda, na safari hii hakuna aliyecheka. Rhonda akainua mkono tena. Alisema Benny alikuwa na dada, Agnes, mdogo wake. Kwenye kitabu cha simu hayupo, labda aliolewa akabadili jina, labda amekufa. "Naomba tumtafute kwanza. Wiki mbili tu. Tusipige kura kabla ya kumuuliza."

Mama Ashby alisema wiki mbili si neno. Nataka hilo lijulikane. Wiki mbili tulipewa.

Mimi nikasimama. Tangu Rhonda aliposoma umri wake, kichwani mwangu palikuwa na kitu kimoja tu, sauti yangu ya kitoto ikimpigia kelele mtu aliyekufa maji. Nilitaka kujiosha, na nilitaka kujiosha palepale, mbele za watu.

"Tusubiri nini?" nilisema. "Mimi ndiye niliyeanza ule ukelele. Kijana wa watu amezama gizani, na sisi kila kiangazi tunamwambia aamke, tunacheka, tunakwenda kununua barafu. Mnadhani dada yake atasema nini? Agnes angekuwa humu ndani angetutemea mate. Mimi nasema kwa niaba yake, kwa kuwa yeye hayupo. Mtoeni. Acheni kijana alale."

Nililia. Simu zilikuwa zimeinuliwa kila upande, zinarekodi. Darryl alifuta macho kwa kiganja. Akasema wanaotaka Benny aondolewe wasimame.

Walisimama kama watu wa kanisani. Nilipita kati ya viti nikihesabu. Safu ya nyuma yule bibi alikuwa anahangaika kuinuka, fimbo inateleza, mkono mmoja juu, midomo inacheza. Watu waliona mama mzee hivyo anajikaza kusimama kwa ajili ya Benny, wakampigia makofi, ukumbi mzima, kwa nguvu na kwa muda mrefu. Alichokuwa anasema hakikusikika. Nilimwekea alama kwenye daftari. Alikuwa wa tisini na mbili.

Alinipata kwenye vitundikio vya makoti, watu wakiwa wanatoka.

"Wewe ndiye uliyesema?" aliuliza, akinitafuta kwa sikio.

"Ndiyo, mama."

"Mimi ni Agnes."

Nilidhani anataka kunishukuru. Nilimshika hata mkono.

"Jina la mume ni Novak," alisema. "Ndiyo maana hawakunipata. Mwanangu, kwa nini hukuniuliza? Nilikuwa nimekaa palepale."

Niliuachia mkono wake.

"Kazi ya kumwamsha ilikuwa yangu," aliendelea, bila hasira, jambo lililoniumiza zaidi. "Nilikuwa na miaka kumi na minne. Saa kumi alfajiri, kila siku. Siku ile nilimwita mara tatu, hataki, nikamvuta blanketi. Akatoka mbio, hata bati akalisahau kule juu mgodini, kwenye chumba cha nguo. Baada ya hapo baba alikataza jina lake nyumbani. Mama alikufa bila kulitaja tena. Miaka ishirini sikumsikia mtu anamwita kaka yangu. Halafu mjukuu wa jirani akanipeleka kwenye bembea zenu, na mle gizani nikasikia watoto wanaita, 'Amka, Benny.' Kwa sauti kubwa. Wengi." Akaegemea fimbo yake. "Mimi nilikuwa peke yangu wa kumwita. Pale kwenu wanamwita watu hamsini."

Jumatatu asubuhi nilimpigia simu mama Ashby, nikamweleza kwamba Agnes amepatikana na anataka Benny abaki. Akasema niandike barua. Jumanne ile video yangu ilikuwa imeshaangaliwa na watu laki tatu, na jioni kampuni ikatoa tangazo la kuiomba radhi familia ya Matukonis, ambayo hakuna mtu wa kampuni aliyewahi kuongea nayo. Jumatano nilimpakia Agnes kwenye gari langu hadi ofisini. Mama Ashby alimsikiliza mpaka mwisho, na sitamsingizia, machozi yalimlengalenga.

"Mama Novak," alisema, "tumeshaomba radhi nchi nzima. Nikimwacha pale, itaonekana tumekudhihaki mara ya pili."

"Lakini mwenyewe huyu hapa!" nilisema. "Anakwambia hapakuwa na kosa!"

"Kosa lilikuwepo tangu ulipolitangaza wewe," akanijibu, na akafunga faili.

Alhamisi mafundi walimng'oa Benny. Bati walimletea Agnes nyumbani ndani ya kisanduku chenye utepe. Alizipapasa herufi kwa kidole, akaliweka juu ya friji.

Lilibaki jambo moja. Namba Sita ingezunguka siku moja ya mwisho, mwisho wa Mei, kabla ya kufungwa, na klabu ilipewa vigari vyote vya safari ya mwisho. Agnes aliniuliza kama anaweza kuja. Nikamwambia nitamwekea kigari chake. Kisha nikaenda kwa Darryl, nikamsimulia yote, nikamwomba kitu kimoja tu, kwamba tukifika kwenye kona, hata kama Benny hayupo, tumwite.

"Marlene, hebu nielewe," alisema. "Jumapili ile unalia atolewe. Sasa unalia aitwe. Televisheni itakuwepo. Unataka tuonekane mashetani?"

Tulibishana siku tatu kwenye ukurasa wa klabu. Wengine walisema bibi amechanganyikiwa. Wengine walisema nimemtunga ili nijisafishe. Mmoja alinitumia maneno yangu mwenyewe: acheni kijana alale. Uamuzi ukawa kimya cha heshima, na atakayepiga ukelele atafutwa uanachama. Tangazo lilipaswa kuandikwa na katibu. Nililiandika, nikalituma, na Agnes sikumwambia. Kila siku nilisema nitamwambia kesho.

Alikuja na kofia ya buluu na rangi ya mdomo. Nilikaa naye kigari cha mwisho. Mbele yetu walikuwepo watu hamsini wenye fulana za AMKA BENNY zilizogeuzwa ndani nje, na kigari cha mbele kabisa kilikuwa na mpiga picha wa televisheni aliyekaa kinyumenyume, taa yake inatumulika usoni.

Tuliingia. Punda akakohoa. "Mmoja," alisema Agnes kwa furaha. Ndege akalia. "Wawili." Akanishika mkono, akainua uso, akafungua mdomo kidogo kama mtu anayesubiri kulishwa.

Kwenye kona palikuwa na pazia jeusi tu. Nilisikia magurudumu, na mtu mmoja akivuta kamasi. Mimi niliyesema siku ya kunyamaza, nilijaza pumzi kifuani ili niite. Ile taa iligeuka ikanikuta mimi. Nikaiacha pumzi itoke bila neno.

Dari likaporomoka kwa kishindo chake chote.

Agnes alishtuka kuliko mtu yeyote. Mkono wake ulibaki ndani ya wangu, lakini haukunishika tena.

"Tumeshampita?" aliuliza.

"Tumeshampita, mama."

"Hawakumwita."

"Walikubaliana wakae kimya. Kwa heshima. Nilijua, sikukwambia."

Mwanga wa mlangoni ulianza kuonekana.

"Ungeniambia," alisema, "ningemwita mwenyewe."

Kigari kikatoka juani, mhudumu akatuinulia chuma cha magotini, akatutakia siku njema.