Mlango wa Kushoto

Mama Cherehani alimruhusu binti yake mdogo azibe dirisha la mbele kwa karatasi nyeusi, mradi asiguse mapazia ya wateja. Binti alikuwa anajifunza kupiga filamu bila lenzi. Akatoboa karatasi kwa sindano nene ya mama yake, na mtaa mzima ukaingia ndani: watu, baiskeli, mbwa, wote wakitembea ukutani miguu juu.

"Sinema yenyewe ndiyo hii, mama. Giza, tundu, na watu wanaouamini ukuta."

"Mimi naona popo tu," mama akamjibu.

Siku ya tatu, binti alipotoka, mama akaingia peke yake. Akaona isiwe tabu: akaupa ukuta mgongo, akainama, akachungulia katikati ya miguu yake. Mtaa ukanyooka. Ng'ambo kuna milango miwili ya kijani, imefanana kama mapacha. Wa kushoto ni wa msusi, mwanamke asiye na mume. Wa kulia ni wa mwalimu mstaafu. Akamwona mkwe wake, fundi bomba, na ovaroli yake ya njano. Mkwe akaangaza huku na huku, akajipenyeza mlango wa kushoto.

Mama hakungoja hata kunyoosha mgongo vizuri. Mzazi mwenzangu, wewe ungengoja? Alimwambia binti yake mkubwa, mwenye mume. Akamwambia na mteja aliyekuja kupunguziwa gauni, naye mteja ana mdomo. Kufika alasiri, msusi ameshatukanwa dukani, na binti mkubwa ameshafunga nguo zake kwenye shuka.

"Mama, kwa msusi sijakanyaga," mkwe alisema.

"Baba, usinifanye mtoto. Nimekuona kwa macho yangu."

Binti mdogo akashtuka. "Ulimwonaje, mama?"

"Si niliinama!"

"Uliinama? Dada, hebu kasimame mlangoni kwa msusi."

Ikabidi mama ainame tena, mkwe akigeukia kona kwa heshima. Akamwona binti yake mkubwa amesimama kwa mwalimu.

"Ukiinama mtaa unanyooka," binti mdogo alisema taratibu, "lakini kushoto kunahamia kulia."

Mama alibaki kule chini. Kuinuka kulikuwa kugumu.

Binti mkubwa aliporudi akaambiwa. Akamgeukia mumewe. "Haya, na kwa mwalimu unajificha nini?"

Mkwe akatazama sakafu. "Najifunza kusoma."

Miaka sita mkewe alimsomea kila karatasi, akidhani macho yanamsumbua.

Kesho yake mkwe alipita na daftari mkononi, halikufichwa tena. "Shikamoo, mama." Mama alikuwa na pini mdomoni; marahaba haikutoka.

Akaacha cherehani, akavuka, akabisha mlango wa kushoto. Ndani wanawake walikuwa wakicheka. Akabisha tena, akajitaja. Kicheko kikakatika, na hakuna aliyefungua.