Mama wa Simu

...na kola ya shati hili imekaza kweli, anaigandamiza pasi mpaka mvuke unamrudi usoni, na dada yake huko sikioni bado anaongea, tangu aanze hajameza mate, video nimeiona kwa macho yangu mawili, boti inapita barabarani, boti! inapita mbele ya mlango wa kijani, sasa niambie, si hapo unapofulia watu nguo?... ndiyo hapo hapo, picha ya mlango alituma mwenyewe siku ya kwanza ya kazi, kauegemea, meno yote nje, kujishaua kumemponza, lakini anaweza kusema ni mlango mwingine, mji wa miaka mia sita huu, milango ya kijani haina idadi, au video ni ya zamani, uongo mmoja tu mdogo na Alhamisi mwanawe anapanda ndege kumfuata huku... Wewe, unanisikia lakini?... Nakusikia, dada... ameshasema uongo mara ngapi, siku ile maji yalipomfika magotini si alipiga simu nyumbani kakaa kwenye ngazi, viatu mkononi, akasema kuna kimvua kidogo tu, umeme umekatika, na dada akasema pole mdogo wangu, jifunike... anageuza shati, mbele yake ukutani vibao vya shaba, kila mafuriko na kibao chake na mwaka wake, kimoja usawa wa kifundo, kimoja kiunoni, cha juu kabisa mpaka anyooshe mkono, yeye mshamba wa watu alidhani ni mapambo, akavisugua vikang'aa, mwenye duka akacheka mpaka akakaa chini, mama, hayo ni maji!, mzee huyo huyo akamfundisha, king'ora kikilia mara mbili una saa tatu kabla maji hayajafika, chomoa pasi, pachika mbao mlangoni, nguo zote juu, na king'ora kilipolia wenzake wakabeba mashuka mawili matatu kifuani, yeye akafunga thelathini bunda moja, akajitwika, ghorofa mbili bila kushika, mzee akaachama, maji yakaja, yakaondoka, wakasugua kuta siku nne, ya tano pasi zikawaka...

Miaka sita nimemlea mimi, kaacha ziwa mikononi mwangu, leo nimpeleke akazame?... kamlea kweli, Mungu amlipe, mtoto anamwita mama, na aliyemzaa ni mama wa simu, mama, mama wa simu kapiga! wakacheka wote wawili kule, na yeye akacheka, halafu akaenda chooni akafungulia bomba wasimsikie wa chumba cha pili, inauma jamani, inauma, na akisubiri mwaka mmoja tena, na mwingine, mtoto atamjia amekuwa binti mkubwa, atamwamkia kwa adabu kama mgeni, hapana, haki ya Mungu hapana... lakini mbona sauti ya dada inakatika, mtandao?... si mtandao, dada analia, kumbe analia, Alhamisi kwenye nyumba ile atabaki yeye na redio, maskini, boti ni kisingizio tu, na kisingizio kapewa na nani kama si yeye mwenyewe... Ungeniambia ukweli ningejua la kufanya, wewe unanificha, nani anaficha kitu kizuri?... hapo kasema, hapo kampata, basi yaishe, hakuna mlango mwingine wala video ya zamani, mji huu umezama mara saba na watu bado wanataka mashati yao Ijumaa, chumba kiko juu, vitanda viwili, shule iko mlimani, kapanda kwa miguu mara tatu akihesabu dakika, ni kumi na nne, kwa mtoto tuseme ishirini, king'ora atamfundisha, na mbao, na ngazi, na kila jioni atampigia mama yake mkubwa walie wote wakitaka... dada bado anaongea, pasi bado inafoka, mkono mmoja wa shati haujaguswa, na yeye anangoja tu mwenzake avute pumzi, amwambie, dada, nilikudanganya, maji huingia, na mwanangu namtaka hivyo hivyo.