Amplifaya ya Shemeji

Solo aliingia duka la vyombo vya muziki pua ikiwa juu, kama mtu aliyekuja kukagua usafi. Jina alilopewa na wazazi lilikwisha kusahaulika. Miaka thelathini iliyopita alipiga gitaa la solo katika bendi iliyovuma kweli kweli, na tangu hapo hakuna aliyemwita vingine, wala yeye asingeitika. Nyuma yake alifuata shemeji yake, daktari wa meno, mume wa dada yake mdogo: mtu mpole wa miaka hamsini na mmoja, aliyeanza kujifunza gitaa miaka mitatu tu iliyopita, kwa vitabu. Kwa vitabu! Solo alilisema jambo hilo kila alipopata wa kumsikiliza, na kila mara alibetua midomo.

Walikuja kumnunulia daktari amplifaya, kisanduku cha kukuzia sauti ya gitaa. Lakini tusidanganyane, Solo hakutoka kitandani asubuhi ile kwa ajili ya shemeji. Mwimbaji wa bendi ile ya zamani, ambaye yeye bado ana jina mjini, alikuwa anakusanya watu wa kuzunguka naye mwaka mzima. Alitaka kila mpiga gitaa ajirekodi nyumbani kwake, wimbo mmoja tu wa zamani, kisha amtumie kwa kompyuta. Mwisho ulikuwa leo, saa kumi jioni. Solo aliitaka nafasi hiyo kuliko pumzi. Ila kompyuta hakuwa nayo, amplifaya hakuwa nayo, na gitaa lake lilining'inia ukutani nyuzi mbili zimekatika tangu mwaka juzi. Daktari alikuwa na vyote isipokuwa amplifaya. Basi undugu ukakumbukwa.

"Mtapigia wapi?" aliuliza muuzaji, mama wa makamo aliyevaa miwani mizito.

"Nyumbani, chumba kidogo," daktari akajibu. "Na ukuta wa pili analala mama mkwe. Mama yake huyu."

"Na kurekodi?"

"Kwenye kompyuta. Ningependa nichomeke waya moja kwa moja, bila mambo mengi. Na alfajiri nivae hedifoni nisimwamshe mtu."

Solo alicheka kwa pua. "Hedifoni! Shemeji, unapiga gitaa au unapima mapigo ya moyo?"

Hakusubiri jibu. Alikwenda moja kwa moja kwenye amplifaya kubwa kuliko zote, iliyomfika kifuani, akatwaa gitaa la duka, akafungua sauti mpaka vioo vya kabati vikatetemeka, na mwangwi akauongeza hadi mwisho. Akapiga. Ilikuwa kelele tamu, lazima tuseme ukweli. Wapita njia walisimama mlangoni. Solo aliwatupia jicho la mtu aliyezoea kutazamwa.

"Hii ndiyo amplifaya," alisema. "Hivyo vingine ni vya watoto wa chekechea."

"Sawa," alisema muuzaji. Akainama, akapunguza sauti mpaka ikalingana na ya watu wawili wanaoongea, akazima mwangwi. "Haya, piga tena. Nyumbani utapiga hivi."

Amplifaya ile kubwa ikatoa sauti ya mtu mwenye mafua. Solo alilirudisha gitaa mahali pake, akasema vifaa vya siku hizi ni takataka tupu. Daktari alijaribu kadogo kaliko kando, kasikozidi sanduku la viatu, kenye tundu la hedifoni na la waya wa kompyuta. Alipiga noti nne polepole, akasikiliza, akapiga tena zile zile nne.

"Mbu ndani ya kopo," Solo alisema.

"Naichukua hii," alisema daktari.

Njia nzima Solo aliongea peke yake. Mtu anayechungulia midomo ya watu kutwa nzima, atajua nini habari ya sauti? Vidole vya kung'olea magego hivyo! Wala hakuona haja ya kuteremsha sauti, maana dharau yake haikuwa ya siri.

Nyumbani, dada yake alimwekea chai sebuleni. Daktari aliingia chumbani kufunga mitambo, na ili aone kama waya unafanya kazi, akaurekodi wimbo ule ule uliotakiwa na mwimbaji, mara moja. Aliujua. Alikuwa akiupiga kila siku kabla ya kwenda kazini. Alipomaliza alimwita Solo, akamkabidhi gitaa lake. Solo alikataa hedifoni, akakataa kupasha vidole moto, akapiga mara moja, akainuka.

"Imekwisha," alisema. "Mkongwe hafanyi mazoezi."

Ilikuwa saa tisa na nusu. Daktari alisema rekodi zisikilizwe zote mbili, yake na ya Solo, kisha watume iliyo nzuri. Solo aliketi dirishani, akafumba macho, mikono juu ya tumbo.

Rekodi ya kwanza ikaanza, na hazikupita sekunde ishirini akaanza kufyonya.

"Sikia huyo! Anaukimbilia mdundo kana kwamba anafukuzwa. Uzi wa tatu unalia ovyo, hajaubana. Hapo tena, kidole kimechelewa. Shemeji, nakuambia kwa mapenzi, hicho chombo kiuze. Zima, unanitia kichefuchefu."

Daktari alizima. Akabonyeza ya pili, na Solo akaanza kutikisa kichwa taratibu, tabasamu likimtanda usoni.

"Sasa huyo ni mtu. Sikia anavyongoja! Hana papara. Vidole hivi, shemeji, havifundishwi kwa vitabu."

Wimbo ulikwisha.

"Ya kwanza ni yako, shemeji," alisema daktari. "Hii ni yangu, nilikuwa najaribu waya."

Solo alifumbua macho. Alidai zirudiwe, zikarudiwa. Alilaumu amplifaya, akalaumu gitaa la watu, akalaumu chai. Kisha aibu ikampanda mpaka masikio yakawaka. Ukutani saa ilionyesha kumi kasoro dakika tano.

"Tuma hiyo ya pili," alisema, akitazama nje.

"Kwa jina la nani?"

"Si unajua kwa jina la nani!"

Daktari alimtazama. Halafu akaandika jina la Solo, akatuma.

Jibu lilirudi kabla hawajainuka. Daktari alilisoma kwa sauti: "Solo, kumbe mkono upo! Nafasi ni yako. Jumamosi tunaanza mazoezi, uje uupige hivyo hivyo mbele ya wenzako."

Solo akasogeza kiti karibu, na kwa mara ya kwanza tangu harusi ya dada yake akamshika daktari bega.

"Shemeji," alisema, "hiyo Jumamosi, mimi nilikuwa naona tungekwenda wote. Wewe ukikaa nyuma kidogo tu na gitaa lako, pale kwenye pazia, mimi mbele..."

Daktari aliuondoa ule mkono begani. Upole wote ulikuwa umemtoka usoni.

"Jumamosi nina wagonjwa," alisema. "Nenda mwenyewe."