Apewe, Asipewe

Visanduku vilianza kuonekana mwezi wa Tikimt, mvua zilipokwisha. Aliyeviona kwanza ni Etiye Alganesh, mtunza mafaili ya wagonjwa katika ofisi yetu ya afya hapa Dessie tangu enzi za taipureta. Aliniita, akagonga kioo cha kompyuta kwa ukucha.

"Emebet mwanangu, hiki kidude ni nini?"

Katikati ya jina la mgonjwa palikuwa na kisanduku kitupu, mahali pa herufi.

"Uchafu wa laini tu, Etiye. Simu za milimani unazijua."

"Laini inakula herufi?"

"Inakula."

"Basi ina njaa. Huku chini kuna vingine viwili."

Sikwenda kutazama huko chini.

Mfumo ule tuliujenga mimi na mwenzangu Getnet. Zahanati ishirini na tatu za milimani zilituletea taarifa za wagonjwa kwa laini ya simu iliyojikokota, kwa hiyo ilibidi maandishi yabanwe kwanza. Mimi niliandika programu ya kubana, ya upande wa zahanati. Getnet aliandika ya kukunjua, ya upande wetu, kwa lugha nyingine ya kompyuta, na kutwa tulikuwa tukitaniana ya nani ni bora. Tuliijaribu kwa barua za Kiingereza. Haikupotea hata nukta.

Lakini herufi ya Kiingereza hukaa kwenye baiti moja. Ya alfabeti yetu wenyewe inataka tatu. Mimi nilikuwa nakata maandishi vipande vya baiti elfu moja na ishirini na nne, kila kipande nakibana peke yake, ili laini ikikatika kipotee kimoja tu. Kisu changu hakikuangalia kinapita wapi. Kilipopita katikati ya herufi, nusu ilikwenda na kipande hiki, nusu na kile, na programu ya Getnet, iliyosoma kila kipande peke yake, haikujua la kufanya na nusu. Ikaweka kisanduku.

Bosi wetu, Gashe Mekuria, alitujia Ijumaa moja tukila shiro.

"Jumatatu nina wageni kutoka Addis. Hivyo visanduku nisivione."

"Dakika tano tu, Gashe," Getnet akasema.

Hazikufika tano. Aliandika mstari mmoja: kisichosomeka kirukwe. Mafaili yakawa safi. Tukanywa kahawa mpaka mzunguko wa tatu. Etiye Alganesh peke yake hakuinua kikombe.

"Vimekwenda wapi?"

"Vimeondoka, Etiye," Getnet akamjibu.

"Nimeuliza vimekwenda wapi."

Katikati ya mwezi wa Hidar aliletwa hospitali mama mmoja msokota pamba, Shashitu, mguu umeoza kwa kidonda. Daktari Fantaye alifungua faili lake lililotoka kwetu, akasoma: penisilini apewe. Akamdunga. Kwa lugha yetu pia kati ya "apewe" na "asipewe" kuna silabi moja tu, nasi silabi huiandika kwa herufi moja. Koo la Shashitu, aliyekuwa na mzio wa dawa hiyo, lilizibika kabla daktari hajaweka sindano chini. Alimpigania saa nzima mpaka pumzi ikarudi.

Binti yake, Zenebu, alikuja ofisini kwetu kabla hajaenda popote.

"Nesi aliandika mbele yangu. Mimi nasoma. Aliandika asipewe."

Nililifungua faili, nikahesabu baiti tangu mwanzo. Kisu kilikuwa kimepita pale pale. Nikamwita Getnet, naye akahesabu mara mbili.

"Maandishi yenyewe yapo zahanati?" akauliza.

"Programu yangu huyafuta yakishapokelewa. Mashine zao ni ndogo. Na vile vipande?"

"Nikishavikunjua navitupa. Diski ilikuwa inajaa."

Kadi za karatasi za zamani Gashe Mekuria alikwisha kuzipiga marufuku. Kisanduku kingetuonyesha pengo, ila sasa hapakuwa na pengo, maneno yalikuwa yameshikana, yanasomeka vizuri. Tuliwatafuta wote walioandikiwa "apewe" mahali ambapo kisu kingeweza kupita. Walikuwa mia mbili na kumi na wawili.

Gashe Mekuria alifunga mlango.

"Mkilitangaza hili, hakuna atakayeamini faili hata moja."

"Wasiyaamini," Etiye Alganesh akasema. "Mimi siyaamini."

Nilikwenda kwa Daktari Fantaye kwa miguu yangu, nikamwambia kila kitu, na sehemu yangu nikaitaja kwanza. Hakunitukana. Aliomba orodha. Siku zilizofuata tulipiga simu zahanati baada ya zahanati. Manesi walikumbuka baadhi ya wagonjwa, wengine walifuatwa kwa nyumbu wa kupanda mpaka majumbani wakaulizwa wenyewe. Etiye Alganesh aliwakata majina kwenye orodha kwa kalamu nyekundu mmoja mmoja. Kisu nilikwisha kukirekebisha, kikakata kwenye mpaka wa herufi, na Getnet akaufuta ule mstari wake. Hilo lilituchukua asubuhi moja. Wakabaki watu kumi na tisa, ambao hakuna aliyewakumbuka wala aliyejua walipohamia.

Mwezi wa Tir mmoja wao alishuka mwenyewe, juu ya machela, amebebwa na ndugu zake. Yimam, mfuga kondoo, mapafu yamejaa, hasemi. Ndugu zake hawakujua lolote kuhusu dawa. Daktari Fantaye aliniita hospitali. Faili lilikuwa wazi mbele yake, na neno limekaa safi kabisa: apewe.

"Ni kweli au si kweli?" akaniuliza.

"Sijui, daktari."

"Wewe ndiye uliyeandika hiyo programu."

"Ndiyo. Sijui."

Akairudisha sindano kwenye trei, akachukua dawa nyingine aliyokuwa nayo, dhaifu kuliko ile. Yimam akafa siku ya tatu, kabla ya adhuhuri. Kaka yake alinikuta kwenye ukumbi akaniuliza kama palikuwa na dawa ambayo ingemponya. Nikamwambia huenda. Akauliza, huenda maana yake nini. Nikaanza kumweleza habari za herufi na vipande, akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaenda kutafuta sanda.

Etiye Alganesh alimkata kwenye orodha. Kumi na wanane hawajaonekana bado.