Gitaa Lililosikika Hadi Barabarani

Emőke alilisikia gitaa la mdogo wake, Barna, akiwa bado kwenye kituo cha basi. Gitaa hilo halikupaswa kusikika kabisa. Kikuza sauti chake kilikuwa kimekufa siku ya Alhamisi.

Emőke alikijenga mwenyewe, kwa vali za redio kuukuu, zile taa za kioo zinazowaka rangi ya chungwa, na transfoma ya mashine ya sinema iliyotupwa. Chumbani kilitosha. Jukwaani, Ottó alipoanza kupiga ngoma, hakuna aliyemsikia Barna. Ottó alikuwa mchinjaji, na alipiga ngoma kama anayevunja mifupa. Vijana walimwuliza Barna kama gitaa lake ni pambo. Basi Emőke akaongeza vali mbili. Sauti ikapanda, transfoma ikachemka, ikatoa moshi, ikafa. Duka la vipuri lilimwambia arudi baada ya majira ya baridi. Alimshauri Barna angoje, watafute na spika ya pili, kwa sababu spika nzuri huongeza sauti bila kuongeza hatari. Barna alikubali haraka mno.

Sasa ilikuwa Jumamosi, siku ya dansi ambayo mji mzima uliiita Chai ya Saa Kumi na Moja, ingawa hakuna aliyewahi kuona chai pale. Emőke alikuwa anatoka zamu ya mchana. Alitembea, kisha akakimbia. Bila transfoma, sauti kubwa kama ile ilikuwa na chanzo kimoja tu: Barna ameunganisha umeme wa ukutani moja kwa moja.

Karibu kila nyumba ilikuwa na redio rahisi ya namna hiyo, isiyo na transfoma ya kuutenga umeme wa ukutani. Bati lake la ndani lilibeba umeme plagi ikichomekwa vibaya, kwa hiyo watu walipaka upande mmoja wa plagi rangi nyekundu ya kucha, wakajua upande huo ukae juu. Katika redio, bati lilifichwa na ubao. Katika kikuza sauti, bati liliungana na nyuzi za gitaa, na nyuzi ziliungana na vidole vya Barna.

Jukwaa lilikuwa la mbao kavu, na viatu vyake vilikuwa vya mpira. Angeweza kupiga jioni nzima asijue lolote. Lakini maikrofoni ilikuwa mali ya ukumbi, na chuma chake kilifungwa kwenye waya wa ardhini. Akishika nyuzi na kuigusa kwa mdomo, umeme ungepata njia, na njia hiyo ingepita kifuani. Wimbo wa kwanza haukuwa na maneno. Wa pili ungeimbwa na Barna mwenyewe.

Swichi kubwa ilikuwa ndani ya sanduku la chuma mlangoni mwa ukumbi. Mama Halász, msimamizi wa Nyumba ya Utamaduni, alilifunga kwa ufunguo kwa sababu vijana walizoea kuzima taa ili wabusiane. Alikuwa anapaka mafuta ya nguruwe kwenye mikate na kukatia vitunguu juu yake.

"Mama Halász, naomba ufunguo wa swichi. Haraka."

"Hata wewe, binti? Na mimi nilidhani umesoma."

"Barna atapigwa na umeme."

"Wiki iliyopita waliniambia kuna panya." Akachukua kitunguu kingine. "Vua koti kwanza. Humu hatuingii na koti."

Emőke aliingia na koti lake.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Desturi ya pale ilimruhusu mwanamume kumchukua mwanamke yeyote mikononi mwa mwingine, na mwanamke akikataa, amemtia aibu mbele ya watu. Kabla hajafika katikati, kijana mwenye suti alimshika kiuno. Emőke alimweleza sikioni. Kijana alitabasamu, akaitikia kwa kichwa kwa adabu. Hakuwa amesikia neno. Emőke aliita jina la Barna, na hata yeye mwenyewe hakujisikia. Sauti aliyoihangaikia majuma mengi sasa ilikuwa imemziba kinywa.

Akajiacha achezeshwe, akimvuta kijana kuelekea jukwaani. Mwanamume mwingine akamgonga kijana begani, akamchukua Emőke, akamzungusha kurudi mlangoni. Emőke aliuchomoa mkono wake. Yule bwana alimwuliza kwa ukali kama anamngoja mwana wa mfalme. Emőke alikwisha kumpa mgongo.

Wimbo ukaisha. Aliita tena, na makofi yakamfunika. Barna alimwona, akakielekezea kidole kile kikuza sauti kwa fahari. Kisha akaikaribia maikrofoni, mkono wa kushoto ukiwa bado kwenye nyuzi.

Emőke aliudaka waya wa maikrofoni ukingoni mwa jukwaa, akauvuta. Stendi ya chuma iliyoibeba maikrofoni ikaanguka kwa kishindo. Watu wakacheka. Ottó, mtu mwema siku zote, akatoka nyuma ya ngoma, akaiinua, akamnyooshea Barna.

"Shika, bwana. Dada yako ana wivu."

Barna akanyoosha mkono wa kulia. Emőke, tumbo juu ya mbao za jukwaa, aliufikia waya wa kikuza sauti na kuuvuta kwa mikono miwili. Plagi ikachomoka ukutani. Mvumo ukafa. Barna akaishika stendi, na hakuna kilichotokea.

"Dada, unaniaibisha," alisema.

"Weka gitaa kwenye kiti. Usimame mbali."

"Nimeangalia alama. Nyekundu iko juu, kama redio ya nyumbani."

Emőke alichomeka plagi, nyekundu juu, akatoa testa mfukoni, bisibisi ndogo yenye taa kwenye mpini, akaigusisha kwenye uzi wa gitaa. Taa ikawaka. Akaigeuza plagi, akagusa tena. Taa ikawaka.

"Basi upande salama ni upi?" Barna aliuliza.

"Hakuna. Redio haizidishi umeme. Wewe umeuzidisha mara mbili ili upate sauti, na kwa mpango huo bati lina umeme, plagi ikae upande wowote."

Barna alikitazama kiganja chake. Ottó alikaa chini taratibu, pale pale alipokuwa.

"Na mimi ndiye niliyekuwa nampa ile stendi," alisema.

"Ndiyo."

Watu walianza kupiga miluzi wakidai wimbo. Emőke aliichomoa plagi, akamwambia Barna kwamba sasa maikrofoni haina hatari. Barna aliunyoosha mkono, akaurudisha. Basi Emőke akaishika stendi kwa mikono yake yote miwili, akabaki ameishika. Barna alisimama hatua nzima nyuma yake, mikono mgongoni, akaanza kuimba, huku Ottó akigonga ngoma kwa ncha za vidole.

Mtu mmoja wa nyuma alilalamika kwamba hasikii kitu. Barna hakuisogelea maikrofoni.