Ushuhuda wa Bwambale

Yayeri alikuwa akipiga pasi shati jeupe la mumewe, sikio lake likielekea kitandani alikolala. Pumzi ya Bwambale ilikwaruza kama jiwe la kusagia. Homa ilikuwa imerudi, na leo alitakiwa kusimama mbele ya watu kwenye ukumbi mjini Bwera kushuhudia kwamba amepona.

Mwanzoni kituo cha afya kilimdunga sindano chache za nimonia, kisha dawa ikaisha. Muuguzi Kellen alimtandikia shuka lake mwenyewe kwenye benchi, akasema, "Mzee, dawa haijaletwa. Jaribu kesho." Kesho ikawa vilevile. Ndipo akaja Nobert, mchuuzi, na unga wa pakiti. Alisema una seli shina, zinazoua vijidudu na kujenga mapafu mapya. Bwambale alikuwa ameshapata nafuu kwa zile sindano, lakini akadhani ni unga. Akasimama kanisani, akashuhudia, na Nobert akamtaka arudie hayo Bwera mbele ya wanunuzi. Kanisani kwao, aliyeshuhudia harudi nyuma.

"Baba Night, turudi kwa Kellen," Yayeri alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Na uso gani? Watasema nilidanganya Mungu."

"Mungu iko anajua homa yako. Ni watu hawajui."

Bwambale aliinuka. Alivaa shati. Swalik, jirani yao wa bodaboda, aliwabeba polepole, akikwepa kila shimo.

Ukumbi ulikuwa umejaa. "Karibu, mzee wa mapafu mapya," Nobert alisema. "Huyu sasa anapanda mlima Rwenzori mbio." Watu wakacheka.

Kando ya Yayeri aliketi binti mmoja, Loyi, amempakata mtoto. Alinong'ona, "Mama, nilisikia ushuhuda ya mzee. Nikamutoa mutoto wodi ya hospitali ya Kasese, nikakuja kununua hii unga." Kila mtoto alipovuta pumzi, mbavu zake zilibonyea ndani. Yayeri alimgeukia mumewe upande wa pili.

Bwambale alikuwa ameyasikia. Akasimama, akashikilia kiti. Kikohozi kilimkata mara mbili.

"Mimi sijapona," alisema. "Ile nafuu ilikuwa ya sindano."

Nobert akatabasamu. "Ni homa inaongea. Keti, mzee."

"Hapana," Yayeri alisema, naye akasimama. "Ni yeye anaongea."

Wengine waliinamisha vichwa. Mzee mmoja wa kanisa alitoka nje bila kuwaaga. Loyi alikuwa tayari anamfunga mtoto mgongoni.

Nje, Swalik aliwatazama wote. Pikipiki ilikuwa moja.

"Anza na mutoto," Bwambale alisema, akajikalisha kwenye ngazi. "Fikisha yeye Kasese."

"Nitarudi nikuchukue, mzee. Mungoje pale kwa Kellen."

Yayeri na mumewe walitembea hadi kituoni, wakipumzika kwenye kila kivuli. Kellen hakuuliza neno juu ya unga. Alifungua kabati la dawa ili waone wenyewe. Rafu zilikuwa tupu. Kisha akaketi benchini, akaegemeza kichwa cha Bwambale begani mwake.

Yayeri alikaa mlangoni. Kila pikipiki iliyopita barabarani haikuwa ya Swalik, na nyuma yake pumzi ya mumewe ilizidi kuwa fupi.