Madawati ya Kuazima

Asubuhi ile tela la trekta liliingia uwanja wa shule likiwa limesheheni madawati, na Mwalimu Fabiola akalitazama kama mtu aliyekuta unywele kwenye uji. Madawati hayakuwa yao. Yalikuwa ya shule ya jirani, kule bondeni kwa Mwalimu Tekla, na yamekuja kushinda siku moja tu, ili Mheshimiwa Hermani asione kwamba huku watoto wanakaa chini.

Tena chini yenyewe ni afadhali. Watoto wa Fabiola, wa darasa la kwanza, hata sakafu hawakuwa nayo. Walisomea nje, kwenye mawe, upepo wa Mlima Hanang ukiwapiga mpaka kamasi zinawakaukia mdomoni. Pembeni yao lilisimama boma la darasa. Wazazi walisomba mawe kwa mikokoteni ya punda, wakachoma matofali, wakapandisha kuta mpaka kwenye lenta, usawa wa juu ya milango, kwa maana waliambiwa wakifika lenta wataezekewa. Wakafika. Wakakaa hapo hapo kwenye lenta, masika yakaja na kupita, yakaja tena, udongo ukatoka katikati ya matofali. Fundi akasema bila kuficha: mvua nyingine ikilikuta boma hili bila bati, ukuta unalala.

Na safari hii bati lilikuwepo, jamani! Lilikuwa kwenye lori la fuso, nyuma ya msafara wa Mheshimiwa. Alishatangaza redioni kwamba atasikiliza maswali ya walimu, atajionea kwa macho yake, na shule yenye hali mbaya kuliko zote ndiyo itakayoshushiwa.

"Sasa Mkuu," Fabiola alimwambia Mwalimu Mkuu Nicodemo, aliyekuwa anapanga madawati akiwa ndani ya suti, jasho likimtiririka, "mtu anakuja kutafuta mwenye shida, sisi tunajipaka mafuta?"

"Madam Fabiola, wewe umelelewa wapi? Mgeni akija, hata nyumba yenye njaa inaazima maziwa kwa jirani. Mama yako hakuazima?"

"Aliazima. Lakini yule mgeni alikuja kunywa maziwa. Huyu amekuja kuangalia kama tuna ng'ombe. Mficha uchi hazai, Mkuu."

"Na mwanika uchi anahamishwa," Nicodemo akajibu, akaendelea kusukuma madawati yake.

Kumbe hilo lilikuwa dogo. Saa mbili akafika Madam Konsolata, afisa elimu wa kata, akawakusanya walimu ofisini na kuwagawia maswali ya kumuuliza Mheshimiwa. Ndiyo, maswali nayo yalikuja yamepikwa tayari. Renatus, mwalimu wa hesabu, akapewa la kuuliza Mheshimiwa anapata wapi nguvu za kuwatumikia wananchi usiku na mchana. Fabiola akapewa hili: "Mheshimiwa, nini siri ya mafanikio yako katika elimu?" Wakayarudia kwa sauti, watu wazima na ndevu zao, kama watoto wanaokariri irabu. Fabiola akatoka nje kutema mate.

Mheshimiwa akafika jua likiwa kali. Alikuwa na cheo kirefu mpaka msaidizi wake alivuta pumzi katikati ya kukitaja. Wazazi walijaa mlangoni na madirishani mwa darasa lililopangwa madawati, Mzee Hhando mbele yao, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, ambaye kidole chake kimoja kilipondwa na mawe ya boma lile.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Nicodemo alifungua, makofi yakapigwa.

Maswali yakaanza. Renatus akauliza la nguvu. Mheshimiwa akacheka kwa unyenyekevu wa kujifunza kwenye kioo, akasema nguvu ni za Mungu, halafu akaeleza kwa kirefu jinsi kila mtoto wa Hanang na Mbulu atakavyosoma kwa kompyuta. Kompyuta! Fabiola akawaza wanafunzi wake nje, vipande vya chaki mkononi, wanaandika juu ya mawe. Zamu yake ilipofika akasimama, na Konsolata akamtingishia kichwa kumtia moyo.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Nafundisha darasa la kwanza. Boma la darasa langu limefika lenta, na masika yakija litaanguka. Utatuezekea lini?"

Konsolata akakodoa macho kama aliyemeza mfupa. Mheshimiwa yeye hakushtuka hata kidogo. Akapapasa dawati lililokuwa mbele yake.

"Marahaba, binti yangu. Nimezunguka shule nyingi, na madawati mazuri namna hii sijayaona. Hapa mko Ulaya. Walimu tujifunze kushukuru."

"Madawati haya ni ya kuazima, Mheshimiwa. Yameletwa asubuhi kwa tela."

Loo! Mheshimiwa akamgeukia Nicodemo. "Mwalimu Mkuu, ni kweli?"

Fabiola alimtazama bosi wake. Alimwomba kwa macho, mtu na suti yake, aseme ndiyo moja tu.

"Mheshimiwa," Nicodemo akasema, "madawati ni mali ya shule. Madam hajisikii vizuri leo."

Fabiola akageukia dirishani. "Wazazi, semeni basi! Mzee Hhando!"

Hakuna aliyesema. Mzee Hhando aliinamia fimbo yake. Mama mmoja akavuta kitenge akafunika mdomo. Watu waliosomba mawe mpaka migongo ikapinda walimwonea mgeni haya, na hawakujionea huruma wenyewe.

"Basi njoo uone, Mheshimiwa. Boma liko hapo nyuma tu, hata viatu havitachafuka."

Mheshimiwa alivitazama viatu, kisha saa yake. "Ratiba, binti yangu. Ratiba."

Ratiba ilikuwa kondoo. Walikula ofisini, mafuta yakiwang'aa midomoni, wakajifuta kwa tishu wakazitupa dirishani, na watoto wa darasa la kwanza wakazigombania. Fabiola aliletewa sahani yake akaisukuma kando. Nyama ile ilimnukia uoza, ingawa ilikuwa imechinjwa alfajiri. Msafara ukaondoka, fuso nyuma yake, mabati yakigongana kila kwenye shimo.

Mzee Hhando akamfuata pale alipokaa, kwenye mawe ya wanafunzi wake. "Shikamoo, mzee," Fabiola akasema bila kuinua uso.

"Marahaba. Mwanangu, ulisema kweli. Lakini mbele ya mgeni? Umetuvua nguo."

Fabiola alikuwa anawachukia wote, na yeye mwenyewe akiwemo, kwa kuwa alikuwa ametarajia kitu kwao.

Kabla jua halijashuka simu ya Nicodemo ikalia, hatua chache kutoka kwao. Alikuwa anahesabiana hela ya kukodi na dereva wa tela, mikono imejaa noti, akaweka sauti ya nje. Ilikuwa ya Mwalimu Tekla, na alikuwa analia kwa furaha.

"Mkuu Nicodemo, Mungu awabariki! Mheshimiwa alisimama hapa kwangu kujisaidia tu, mwenzangu, akitafuta choo. Akachungulia darasani akakuta watoto wote wako sakafuni. Akasema hajaona shule yenye dhiki kama hii! Ametushushia mabati yote, fuso zima! Na wala sisi darasa lisiloezekwa hatuna. Sijui tutayafanyia nini. Madawati leteni kesho, msijisumbue leo."

Simu ikakatika. Nicodemo akalegeza tai. "Aa... mipango ya Mungu," akasema. "Angalau mgeni hakutuona vibaya."

Mzee Hhando alitazama tela, akatazama boma. Kisha akamsogelea Mwalimu Mkuu, karibu kabisa, mpaka Nicodemo akarudi nyuma na kugonga mgongo kwenye gurudumu.

"Safari nyingine mgeni wako akija, azima na wazazi," akasema. "Mimi sitakuwepo."

Akaenda bomani, akapanda juu ya jiwe, akaanza kung'oa matofali ya juu kwa mkono wake mbovu, moja moja, kabla hayajawaangukia watoto. Fabiola akainuka akaenda kuyapokea.